Fimbo Haimo Katika Methali

Katika semina moja ya wainjilisti, mkufunzi alituambia: "Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Basi anzeni na utamu. Akishatoka, mpigeni na Neno." Ukumbi mzima uliitikia amina. Mimi ilinikwama kooni.

Kwa ufafanuzi huo, utamu ni chambo, na jirani tunayemwendea ni nyoka wa kupondwa kichwa. Najua wengi huielewa methali hivyo, hasa wanasiasa na wachuuzi. Lakini nyoka hujificha pangoni kwa sababu gani? Amesikia kishindo cha miguu, akaogopa. Ukigongagonga mdomo wa pango anazidi kujisokota ndani. Methali inaishia pale anapotoka. Fimbo haimo, tumeiongeza sisi. Na mwenye fimbo mgongoni hajasema maneno matamu hata kidogo, amepaka tu asali juu ya sumu.

William Taylor, mmisionari Mwingereza aliyechapisha mkusanyo wa methali za Waswahili mwaka 1891, alikuja pwani kuhubiri Injili. Lakini lugha ya Mombasa na mashairi ya Muyaka alifunzwa na Mwislamu, Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Aliyetumwa kufundisha alikubali kuwa mwanafunzi. Leo tunamaliza kozi ya wiki mbili, tunanunua kipaza sauti, na tayari hatuna la kujifunza kwa mtu.

Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3 aya ya 15, tunaukariri sana. Unamtaka mwamini awe tayari kumjibu anayemuuliza habari za tumaini lake, tena kwa upole. Kumjibu, ndugu zangu! Maana yake kuna mtu amekuja kuuliza. Nani atakuja kukuuliza, ikiwa spika zako zimemnyima usingizi usiku kucha naye ana mtoto mgonjwa?

Baada ya semina nilimwuliza kijana mmoja, mwenye bidii kweli ya kazi ya Mungu, kama amewahi kumwomba jirani yake Mwislamu hata chumvi. Akashangaa. "Mzee, mimi nampelekea Neno. Chumvi ninayo."

Nilimsihi akasome tena Yohana 4. Pale kisimani Sikari, Yesu hakuanza kwa kutoa. Alianza kwa kumwomba maji mwanamke Msamaria. Alikuwa amechoka, ana kiu, hana cha kutekea, na yule Msamaria alikuwa na mtungi. Ukweli wa maisha yake aliambiwa baadaye, wote, bila kufichwa, lakini aliambiwa na mtu aliyekwisha kukiri kuwa anamhitaji. Ndipo mwanamke yule akauacha mtungi wake palepale, akaenda mjini kwa miguu yake mwenyewe kuwaita wengine.