Pesa za Rangi Zije Mwisho

Kati ya Kathiani na Masii, huko Machakos, ni nadra kukosa boma lenye pikipiki iliyokufa. Imeegemezwa kwenye ukuta wa ghala au imelazwa chini ya mwembe, kuku wanalalia kiti chake, na watoto wameikanyaga kiki mpaka imelegea. Ukiuliza ni ya nani, utatajiwa mtu na kazi yake: ya babu, ya mjomba aliyekuwa afisa wa mifugo, ya baba kabla hajastaafu. Mara nyingi huwa Honda, Yamaha au Suzuki ya miaka ya themanini. Ikiwa bado ina namba, huwa na herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwishoni, maana ilisajiliwa kabla ya mfumo wa KAA kuanza mwaka 1989.

Zamani hizo pikipiki haikuwa chombo cha kila mtu. Ilikuwa ofisi yenye magurudumu mawili: ya afisa wa kilimo, ya daktari wa ng'ombe, ya padri, ya karani wa chama cha ushirika wa kahawa. Mlio wake uliposikika ukipanda mlima, watu walijua nani anakuja na amefuata nini. Halafu mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250, na bodaboda zikajaa kila njia panda. Nani tena angehangaika na kuukuu ya mjomba wakati mpya zilikuwa zimepangwa dukani kama chupa za soda?

Siku hizi wapo wanaohangaika. Sheria ya ushuru wa bidhaa ya 2015 iliongeza shilingi 10,000 juu ya bei ya kila pikipiki mpya iliyoingizwa nchini, na kiwango hicho kimepandishwa tangu hapo. Mkopo wa bodaboda nao una mdomo: hulipwa kila siku au kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe, na ukichelewa pikipiki inafuatwa stejini. Kwa hiyo kijana asiyetaka kuamka na deni humwangalia yule mzee wa chini ya mwembe kwa jicho jingine.

Hapo ndipo wengi wanapokosea, na kosa lenyewe ni lile lile. Huanza na rangi.

Rangi ni raha ya haraka. Kopo moja la dawa ya kupuliza, stika mbili za mwali wa moto, kiti kipya cha ngozi bandia, na jioni hiyo hiyo jirani atasema pikipiki imerudi kuwa mpya. Wiki mbili baadaye ndio hao wanaisukuma kutoka Mutituni, injini imeshika, na pesa za ringi zilikwishaishia kwenye tangi linalong'aa. Kwa mtu mwenye mfuko mpana, hilo ni kosa la kucheka. Kwa anayekarabati kwa pesa za mwisho wa mwezi, ndilo linaloirudisha pikipiki chini ya mwembe kwa miaka mingine kumi.

Chukua Honda CG125, chombo kinachostahili heshima kubwa kuliko kinayopewa. Honda waliianza katikati ya miaka ya sabini wakiwa na wateja wa nchi kama zetu akilini. Walikuwa wamegundua kwamba injini zao za kamu ya juu, zenye cheni ndefu ndani, zilikuwa zinakufa mapema mikononi mwa watu wanaobeba mizigo mizito na wanaobadilisha oili wakikumbuka. Basi wakarudi nyuma kwa makusudi. Kamu wakaishusha chini, ikazungushwa na gia badala ya cheni, na jino moja tu la kamu likapewa kazi ya kuinua valvu zote mbili kwa fito. Cheni ya gurudumu la nyuma wakaifungia ndani ya bati, vumbi lisiiguse. Oili inayohitajika ni karibu lita moja. Ni injini iliyobuniwa kwa kukubali kwamba mwenyewe atakuwa mzembe, na pengine hiyo ndiyo sababu imesamehe uzembe mwingi kiasi hicho.

Kisha likaja jambo ambalo wahandisi wale hawakulitarajia. Viwanda vya China viliiga injini hiyo, vikaitengeneza kwa mamilioni, na leo imo ndani ya pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria Machakos. Anayetaka kuthibitisha ainame karibu na kiki asome chapa iliyopigwa kwenye injini: 156FMI. Moja ni silinda moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa upepo, M ni pikipiki, na I ni kundi la cc 125. Silinda ya Honda yenyewe ina milimita 56.5. Maana yake kwa mwenye mfuko mdogo ni kwamba babu anaweza kuvaa nguo nyingi za wajukuu. Vitu kama pistoni, ringi, gasketi, sahani za klachi na kabureta, ambavyo mwenye Yamaha ya zamani huvitafuta mpaka akakata tamaa, mwenye CG huvikuta katika duka la spea za bodaboda. Si vyote vinaingia bila kurekebishwa, na fundi mzuri hupima kwanza kabla ya kulipa, lakini mlango uko wazi.

Kwani pikipiki hizi zilikufaje? Mara chache sana kwa uzee. Mwaka 1988 mwandishi wa habari Mwingereza Barry Coleman na mwendeshaji wa mbio Randy Mamola wa Marekani walizuru Somalia kwa shughuli za misaada ya watoto. Waliziona pikipiki za wahudumu wa afya zimetupwa zikishika kutu, nyingi zikiwa bado changa, kwa sababu tu hakuna aliyepangiwa kuzihudumia. Vilikosekana vitu vidogo: kubadilisha oili, kukaza cheni, kusafisha chujio la hewa. Kutokana na waliyoyaona likazaliwa shirika la Riders for Health, lililosajiliwa 1996, ambalo kazi yake kubwa ilikuwa kufundisha wahudumu wa afya wa Afrika kukagua pikipiki zao kabla ya kuziwasha. Hali haikuwa tofauti sana kwetu. Mkulima atakayefungua injini ya mjomba leo, uwezekano mkubwa ni kwamba atakuta sababu ya kifo ilikuwa kitu kidogo kilichosubiri mshahara, mshahara ukaja ukaenda kwa karo, na nyasi zikaota.

Tuseme mwenye boma ni mwalimu mstaafu, na CG hiyo ilikuwa ya kaka yake marehemu. Kazi ya kwanza haihitaji spana. Ni kutafuta cheti cha umiliki, kile ambacho Kenya nzima hukiita logibuku, na kulinganisha namba yake na ile iliyopigwa kwenye shingo ya fremu na kwenye injini. Marehemu hawezi kutia sahihi ya kuhamisha umiliki. Familia itaanza kwa barua ya chifu, iende mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi, ndipo mamlaka ya usafiri, NTSA, ibadilishe jina. Kuna ndugu wasioongea tangu mazishi ambao watalazimika kuketi meza moja kwa sababu ya Honda. Jambo hili linachosha, na wengi huliruka. Lakini pikipiki iliyofufuliwa bila karatasi haiwezi kukatiwa bima ya mtu wa tatu inayodaiwa na Sura 405 ya sheria za Kenya, na siku ya msako itapandishwa kwenye lori pamoja na pesa zote zilizozikwa ndani yake. Nyua za vituo vya polisi zimejaa ushahidi.

Karatasi zikishaeleweka, fundi aitwe. Naye akiwa wa kweli, neno lake la kwanza ni la kuzuia: "Mwalimu, usiipige kiki bado." Injini iliyolala miaka inaweza kuwa imeshika pistoni, na nguvu za ghafla huvunja kilichokuwa kizima. Plagi inatolewa, dizeli iliyochanganywa na oili inamiminwa ndani kidogo, na pikipiki inaachwa siku kadhaa. Halafu inatiwa gia ya juu na gurudumu la nyuma linasukumwa mbele na nyuma taratibu, kwa kiganja, mpaka kitu kisogee. Skrubu za injini za Kijapani zina msalaba wa kipimo chao, na bisibisi la kawaida huzila vichwa. Fundi mwenye subira huligonga bisibisi kwa nyundo kwanza ili likae vizuri, ndipo azungushe.

Kabureta ndiyo huonyesha miaka. Ukilifungua bakuli lake la chini unakuta petroli imegeuka utomvu wa manjano unaonuka kama rangi ya zamani, na boya limeganda humo. Tundu la jeti ni jembamba kama unywele, na likiziba, injini haitawaka hata ungeleta plagi kumi mpya. Hapa haraka huua. Anayelichokoa kwa waya wa chuma hulipanua, na tangu siku hiyo pikipiki hunywa mafuta kama lori. Fundi mwenye adabu hulowesha jeti kwenye petroli safi usiku kucha, akapitisha uzi mmoja wa shaba aliouchomoa kwenye waya wa umeme, kisha akapuliza kwa pampu ya baiskeli. Gharama yake ni karibu bure. Tangi nalo linatiwa konzi ya kokoto na siki, linatikiswa mpaka mikono iume, linasuuzwa, linatikiswa tena.

Pesa huanza kutoka silinda ikiwa imekwaruzwa. Mashine ya leti itaipanua, na pistoni ya saizi ya juu itanunuliwa: kuna ya 0.25, 0.50, 0.75 na milimita moja kamili. Anayekimbilia ya milimita moja mara ya kwanza amekula akiba ya silinda yote kwa siku moja. Kilichokosekana Machakos hufuatwa Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na huko mtu aende na kile cha zamani mkononi. Maelezo ya mdomo yameuza spea nyingi zisizoingia.

Kuna mahali ambapo ubahili haufai kabisa. Viatu vya breki, nyaya za breki na tairi vinunuliwe vipya, hata kama itabidi kusubiri mwezi mwingine. Tairi lililokaa juani miaka kumi linaweza kuwa na meno yote na bado likapasuka, kwa kuwa mpira umekauka. Yaliyotengenezwa kuanzia 2000 yana tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Anayeshuka kutoka vilima vya Mua akiwa na mke na debe la maembe hana haja ya kiti kipya. Ana haja ya kusimama.

Watu wa Machakos hawahitaji kufundishwa kwamba kitu kilichochakaa hurudishwa kwa pesa chache chache. Katika miaka ya thelathini maafisa wa kikoloni waliitazama ardhi hii wakaona imekwisha, imekatwa na makorongo. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao wa wilaya hiyo kati ya 1930 na 1990: watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo mmomonyoko ulikuwa umepungua na mavuno kwa kila mtu yamepanda. Wasomi wengine wamekipinga kitabu hicho hapa na pale, hasa kuhusu nani hasa alinufaika. Lakini kuhusu matuta yaliyozuia mmomonyoko huo hakuna ubishi mkubwa. Mengi yalichimbwa na wenye mashamba na makundi yao ya kusaidiana kazi, mwethya, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka katika kahawa na katika mishahara iliyotumwa nyumbani. Hakuna aliyeyachimba yote kwa msimu mmoja. Na hakuna aliyeanza kwa kupaka chokaa mawe ya kando.

Si kila kuukuu inastahili, lazima lisemwe. Pikipiki iliyopinda fremu katika ajali iachwe. Zile za injini ya mipigo miwili, kama Yamaha DT za maafisa wa zamani, ni tamu kuendesha na mlio wake huamsha kijiji, lakini fitokombo ikiwa imekufa, kuitafuta kutamaliza pesa za kununua bodaboda iliyotumika. Mapenzi ya marehemu mjomba yasifanye mtu afilisike. Kwa CG na ndugu zake hesabu ni nyingine, na mwenye subira ya miezi kadhaa atapata chombo cha kumfikisha soko la Marikiti na kurudi, kisicho na mwenyewe mwingine benki.

Kwa hiyo mwenye pikipiki ya namna hiyo bomani, Jumamosi hii awafukuze kuku, afute tope kwenye shingo ya fremu na asome namba. Kisha aitafute logibuku. Zikilingana, aite fundi. Zisipolingana, asinunue hata nati moja mpaka aelezwe kwa nini.