Panga Siku ya Kufunga Hesabu

Wanangu mnaouza mtandaoni, kuanzia Tabaka hadi Kebirigo, nimewatazama muda mrefu na kosa lenu ni lile lile, linabadilisha nguo tu. Mtu anauza sahani na vinyago vya jiwe la Kisii. Anatengeneza kurasa mbili za kumpokea mteja aliyebonyeza tangazo: mmoja una picha ya sahani iliyong'arishwa ikametameta, mwingine unamwonyesha mchongaji akisugua jiwe kwa msasa na maji, na gharama ya kusafirisha mzigo imeandikwa wazi. Nusu ya wageni wanapelekwa huku, nusu kule. Mpaka hapo, hongera. Shida inaingia asubuhi ya siku ya tatu, anapofungua simu na kukuta ule ukurasa alioupenda tangu mwanzo una maagizo 7, mwenzake 3. Basi. Jaribio linafungwa hapo hapo.

Simlaumu. Neno tamu likifika mdomoni, nani hulitema?

Ila nimeona yanayofuata. Pesa zote za matangazo zinamiminwa kwenye ukurasa ulioshinda, na baada ya miezi miwili maagizo ni yale yale ya zamani. Atamlaumu mpiga picha, kisha mtandao, kisha wateja wa Ulaya. Mwisho atasema majaribio haya ni mambo ya watu wa Nairobi, hayatufai sisi. Hapo ndipo ninaposikitika kweli, kwa maana pesa zitatafutwa tena, lakini mtu aliyeacha kupima atarudi kubahatisha maisha yake yote.

Mnapochungulia matokeo kila asubuhi, huku mkingoja siku yatakayowapendeza ili mfunge, mnajipa nafasi nyingi za kudanganyika. Jambo hili lilipigiwa hesabu zamani. Mwaka 1969 Peter Armitage na wenzake wawili walionyesha kwamba kipimo kinachokosea mara 5 kwa 100 ukikitazama mara moja, hukosea kama mara 14 ukikitazama mara tano, na kama mara 19 ukikitazama mara kumi, yaani hudai kuna tofauti ilhali vitu viwili unavyovilinganisha havina tofauti yoyote. Na ninyi hutazama kabla ya chai, baada ya chai, na mkiwa ndani ya matatu.

Tena kuna siku na siku. Mama anayeuza ndizi Daraja Mbili hawezi kuujua mwezi wake kwa kuhesabu mauzo ya siku ya soko peke yake. Ukurasa nao upewe wiki kamili, mbili au zaidi, wapite wanunuzi wa Jumatatu na wa Jumapili. Ndugu yangu wa Nyamira unayeuza majani ya chai ya pakiti kwa watu wa hapa nyumbani, angalia pia mwezi: kinachomvutia mkulima aliyepokea bonasi Oktoba huenda kisimvutie Januari, anapotafuta karo.

Wageni wangapi wanatosha? Kama kwa kila 100 wanaofika, 3 huagiza, nawe unataka kujua kama ukurasa mpya utawafikisha 4, kwa kipimo cha kawaida cha wanatakwimu utahitaji wageni kama 5,300 kwa kila ukurasa. Wengi wenu hamna wageni hao. Basi msipoteze mwezi mkijaribu rangi ya kitufe. Jaribuni jambo kubwa, bei ya usafiri kwa mfano, linaloweza kuwatoa 3 kuwapeleka 6. Hapo wageni kama 750 kwa kila ukurasa watatosha.

Si kwamba kufunga mapema ni haramu. Hapa jirani, Kisumu, watafiti waliwafuatilia wanaume 2,784 kujua kama tohara hupunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Bodi huru ilikuwa ikipitia takwimu kwa vipindi vilivyopangwa, na Desemba 2006 utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake: waliotahiriwa walikuwa wameambukizwa 22, wengine 47. Walitazama kwa ratiba, macho hayakuwa ya mwenye mali, na mara tu jibu lilipopatikana, wale waliokuwa wakisubiri nao wakapewa nafasi ya kutahiriwa. Huko ndiko kufunga.

Maana wapo pia wasiofunga kabisa. Jibu lilishaonekana, lakini nusu ya wateja bado wanapelekwa kwenye ukurasa dhaifu, wenye bei ya mwaka juzi na namba ya simu isiyopokelewa. Google ilipozima Optimize, huduma yake ya kujaribia kurasa, tarehe 30 Septemba 2023, majaribio yaliyokuwa bado yanaendelea humo yalikoma siku hiyo, mwenyewe awe ameamua au hajaamua.

Kwa hiyo kabla ya kuanza, andika kwenye daftari: nitafunga tarehe fulani, wageni wakishafika idadi fulani, nikihesabu maagizo, si waliotazama wakapita. Siku ikifika, funga. Kama kurasa zimelingana, kubali zimelingana, ubaki na ule ulio rahisi kuutunza. Na kiungo cha ukurasa ulioondolewa kielekeze kwenye uliobaki, kwa sababu kuna mteja aliyekihifadhi tangu Machi na bado hajaagiza.