Cheti cha Bibi

Muhula uliopita jumuiya yetu ilifanya hafla ya kuwaaga wanaohitimu, na kwa mara ya kwanza tukamtunuku mama anayetulelea watoto. Ndiye anayekaa na watoto wa dada zetu walioolewa katika chumba cha nyuma ya msikiti, kuanzia kipindi cha saa mbili asubuhi hadi Alasiri. Mimi nilipewa kazi ya kuandaa cheti. Nilipofika mahali pa jina nikakwama, maana sote tunamwita Bibi tu. Ilibidi nimpigie simu mlinzi wa msikiti.

Siku ya hafla ukumbi ulipiga takbiri. Bibi alipanda jukwaani, akapokea cheti na vitenge viwili, akapigwa picha. Baada ya dua alinivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, na ile ya miezi miwili itatoka lini?"

Posho yake ilikuwa haijalipwa. Fedha za mfuko zilikuwa zimekwenda kwenye viti, soda na spika, na sahihi yangu imo katika bajeti ile.

Wapo ndugu waliosema baadaye kwamba kosa lilikuwa kumsifu mbele za watu, kwamba hiyo ni riya. Siafiki. Baada ya vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, alipoletwa Shayma, binti wa Halima na dada yake wa kunyonya, Mtume (S.A.W.) alimtandikia nguo yake akae juu yake. Sira zinasema Shayma alikuwa akimsaidia mama yake kumlea. Hakufichwa. Akapewa hiari ya kubaki au kurudi kwa watu wake. Akachagua kurudi, na akaondoka na zawadi za mali, si heshima peke yake.

Wengine wanasema Bibi anafanya kwa ajili ya Allah, basi tusimharibie thawabu kwa habari za pesa. Hoja hii ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa kuwa niliwahi kuitoa mwenyewe. Tusome aya ya 6 ya Surat At-Talaaq. Inamzungumzia mama aliyeachwa, anayemnyonyesha mtoto aliyemzaa mwenyewe, na inamwamuru baba ampe ujira wake. Nani ana ikhlasi na mtoto kuliko mama? Na bado mapenzi yake hayakuufuta ujira. Ikhlasi ya Bibi ni mali ya Bibi; sisi hatuna ruhusa ya kuitumia kupunguzia matumizi yetu.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba fedha ingemaliza kila kitu. Ummu Ayman alimlea Mtume tangu utotoni, na Mtume alikuwa na desturi ya kumzuru. Alipofariki Mtume, Abu Bakr na Umar (R.A.) walitoka kwenda kumzuru kama alivyokuwa akifanya. Khalifa akaenda kwa mlezi. Sisi tulimwita Bibi aje kwetu, jukwaani petu, wakati uliotufaa sisi, halafu tukaenda kula.

Wiki iliyofuata tulichanga, nami nikampelekea posho yake nyumbani. Sikuwahi kufika kwake, ingawa ni mwendo wa dakika kumi kutoka bwenini. Aliihesabu, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akanitilia chai. Cheti kilikuwa ukutani, kimefunikwa na nailoni kisipate vumbi. Nilipokitazama niliona jina lake limekosewa.

"Umepunguza herufi moja," akasema. "Nimekaa nacho tu. Wajukuu wanajua ni mimi."

Nimepeleka pendekezo kwa kamati kwamba posho ya Bibi itoke kwanza kila mwezi, kabla ya matumizi mengine yoyote ya mfuko. Litajadiliwa Jumamosi baada ya Alasiri. Nimechapisha na cheti kingine.