Je, Haki ya Mtu wa Tatu Yaweza Kuuzwa?

Watu wawili wakipatana, je, mapatano yao yaiondoa haki ya mtu wa tatu asiyekuwapo? Kila mwenye akili atajibu kuwa hayaiondoi. Lakini tukiitazama pamba, twaona kwamba jambo tulikataalo baina ya majirani hupita baina ya mataifa.

Kwa miaka mingi Marekani imewapa wakulima wake wa pamba ruzuku kutoka hazina ya serikali. Mkulima wa namna hiyo hulima hata bei ikianguka, pamba ikajaa sokoni, na bei ikazidi kushuka. Naye mkulima wa Mali, asiye na hazina nyuma yake, hulazimika kuuza kwa bei hiyo hiyo. Mwaka 2003 Mali, Burkina Faso, Benin na Chad ziliomba katika Shirika la Biashara Duniani ruzuku hizo ziondolewe, nazo zilipwe fidia. Brazil ilikwisha kushtaki mwaka 2002. Ikashinda, na rufani ya mwaka 2005 ikauthibitisha ushindi wake.

Mwisho wake ulikuwaje? Brazil ilikuwa na uwezo wa kulipiza katika biashara, na mwaka 2009 ikaruhusiwa. Basi mwaka 2014 wakapatana: Marekani ikalipa dola milioni 300, kesi ikafungwa.

Huenda mtu akasema: aliyeshtaki ndiye alipwaye. Ni kweli, wala hatuilaumu Brazil kwa kudai haki yake. Lakini hukumu yenyewe ilitambua kuwa ruzuku zile ziliizuia bei ya dunia isipande. Na soko hilo ni moja kwa wote. Mwingine atasema kuwa wanyonge husaidiwa. Twajibu: msaada hutolewa kwa hiari ya mtoaji, lakini haki ni deni.

Mwaka 2015, hapa kwetu Nairobi, mataifa yaliafikiana kukomesha ruzuku za kusafirisha mazao nje. Hilo ni jema. Ila ruzuku alipwazo mkulima nchini mwake, ambazo ndizo shina la shauri hili, hazikukomeshwa.

Sheria ambayo asiye na nguvu hawezi kuitekeleza ni nusu ya sheria. Wala tusiishie kuwanyoshea wengine kidole. Mwenye duka ajuaye shida ya mkulima, akamnunulia mavuno yangali shambani kwa bei asiyoweza kuikataa, naye ana mizani yake ya kujibia.