Kilicho Wazi kwa Macho

Mchoro wa ukutani ni picha au maandishi yaliyowekwa mahali ambapo mpita njia yeyote huyaona bila kulipa na bila kubisha hodi. Ndiyo maana huzua swali ambalo picha iliyotundikwa sebuleni haizui: je, kilicho wazi kwa macho ya wote ni halali kwa kamera ya yeyote? Sheria hulijibu swali hili kwa sentensi moja. Dini na maadili hulizunguka kwanza, na pwani ya Malindi na Kilifi ni mahali pazuri pa kulifuatilia, kwa kuwa huko magofu ya matumbawe yenye michoro ya karne nyingi, kuta za maduka ya leo na vigango (nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu) vya Wagiriama vyote vinafikika kwa mwendo wa siku moja.

Kiswahili chenyewe hakimtenganishi msanii na mkwaruzaji. Kitenzi ni kimoja. Fundi huchora nakshi kwenye mlango, mtoto huchora kwa mkaa kwenye ukuta wa jirani, na baharia aliyekwama akisubiri upepo huchora chombo chake kwenye lipu kwa ncha ya kisu. Neno sanamu nalo, katika kamusi za zamani, lilibeba maana ya picha bapa na ya kinyago pamoja. Lugha haikuona haja ya kuamua mapema ni mchoro gani wenye heshima na upi ni uchafuzi. Uamuzi huo iliwaachia watu.

Mfano mkongwe zaidi unaofaa kuanzia uko Gede, mji wa mawe uliohamwa, kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi, karibu na Watamu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mji huo ulikaliwa kwa karne kadhaa hadi ukaachwa mwanzoni mwa karne ya 17, na mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. James Kirkman, aliyeuchimbua kati ya 1948 na 1958, aliziita nyumba zake kwa majina ya vitu vilivyopatikana ndani: kuna ya kauri, kuna ya mkasi, kuna ya bakuli la kaure. Moja, Nyumba ya Jahazi, haikupewa jina kwa kitu kilichofukuliwa ardhini. Ilipewa jina kwa chombo kilichochorwa ukutani. Mwenye nyumba hajulikani, aliyeijenga hajulikani, na anayekumbukwa, japo bila jina, ni mtu aliyekwaruza lipu yake.

Gede pia kuna kaburi lenye maandishi yaliyokusudiwa kudumu: lina mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na tarehe hiyo imekuwa nguzo ya kuhesabia umri wa mji wote. Kaburi na jahazi ni mistari katika lipu ya chokaa ya mji mmoja. Lile la kwanza liliagizwa na wafiwa likafanywa na fundi. La pili halionekani kuagizwa na mtu. Yote mawili leo ni ushahidi, na si rahisi kusema ni lipi lenye thamani kubwa zaidi. Michoro ya vyombo kama hiyo imepatikana pia Kilwa, katika kuta za Husuni Kubwa, na Songo Mnara. Peter na Margaret Garlake waliikusanya na kuichapisha mwaka 1964, wakitafuta humo sura za vyombo ambavyo bahari haikuviacha. Mtepe, chombo kilichofumwa kwa kamba bila msumari na kuvutwa na tanga la mkeka, ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Ubao wake umeoza. Mikwaruzo ya watu wasiojulikana imebaki kuwa miongoni mwa mashahidi wachache wa umbo la vyombo vya zamani.

Kuupiga picha mchoro wa namna hii si kazi ya kupita tu. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, ukuta huonekana mtupu: chokaa iliyochakaa, madoa ya kuvu, nyufa. Asubuhi mapema au jioni, mwanga ukija kwa ubavu, kila mstari hutupa kivuli chembamba upande mmoja, na chombo hujitokeza polepole, kwanza omo, kisha mlingoti, kisha kamba za tanga. Nusu saa baadaye hufifia tena. Mwenye haraka hutafuta njia ya mkato: hupaka chaki ndani ya mistari au kuilowesha ili ionekane vizuri. Picha hutoka safi, na lipu huumia, kwa sababu chaki huingia kwenye vinyweleo vya chokaa na kila anayepaka hufuata mstari anaodhani anauona. Wa mwisho hupiga picha ya makosa ya waliomtangulia. Nchini Kenya kuharibu jengo la kale lililohifadhiwa ni kosa chini ya sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, lakini hata pasingekuwa na sheria, kitendo hicho kina ubaya wa wazi: mtu anakiharibu kile alichokuja kukishuhudia.

Swali la dini huanza na kinachochorwa. Wengi wa Waislamu wa pwani hii hufuata madhehebu ya Shafii, na Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu hayo aliyefariki mwaka 1277, alishika msimamo mkali: kuchora kiumbe chenye roho ni haramu, kiwe juu ya nguo, sarafu au ukuta, lakini mti na kitu kisicho na uhai havimo katika katazo hilo. Ukizitazama kuta za miji ya kale ukiwa na maneno hayo akilini, mpangilio unaeleweka. Kuna vyombo, kuna maua na mafundo ya nakshi, na katika Msikiti Mkuu wa Gede kuna kichwa cha mkuki kilichochongwa juu ya upinde wa mlango. Ni tofauti na Fort Jesus ya Mombasa, ambako Wareno wa karne ya 17 waliacha ukutani picha zenye meli na watu pamoja. Pengine mchora jahazi wa Gede hakuwa na fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, akilini kabisa, alikuwa na jahazi tu. Hata hivyo mkono wake ulikuwa umelelewa katika mji uliojua mpaka uko wapi.

Kamera ilipokuja, mpaka huo ulibidi upimwe upya. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri kuanzia 1914 hadi 1920, aliandika risala ya kuhalalisha picha za kamera. Hoja yake ni nyepesi kuieleza na nzito kuitafakari: mpiga picha haumbi chochote, anazuia kivuli ambacho Mungu amekwisha kukiumba, kama kioo kinavyofanya, ila hiki hubaki. Wanachuoni wengine hawakukubali, na mjadala haujafungwa, ingawa pasipoti na kitambulisho vimewafanya karibu watu wote waishi na picha zao. Hoja hii ina tokeo ambalo ndilo kiini cha suala zima. Ikiwa picha ni kivuli kilichozuiliwa, basi lawama haikai tena kwenye picha yenyewe. Inahamia kwa aliyekizuia: kivuli hiki ni cha nani, na anakishikia nini?

Hapo kanuni nyingine ya fikihi husaidia kuliko ile ya sanamu, nayo ni hukumu ya kilichookotwa, lukata. Mtu akiokota mfuko njiani haruhusiwi kusema ni wake kwa kuwa uko wazi na hapana aliyeusimamia. Kwanza autambue: achunguze chombo chake na kamba iliyofungia. Kisha atangaze mwaka mzima, ili mwenyewe akija na kutaja alama zake arudishiwe. Kuokota, kwa mtazamo huu, kunamtwika mwokotaji kazi ya kukumbuka. Mchoro wa ukutani bila shaka haujapotea; uko pale pale ulipowekwa. Lakini wapiga picha wengi husema wame“gundua” mchoro, na neno hilo huwaelekeza kujiona waokotaji. Kama ni hivyo, basi wajibu wa mwokotaji uwafuate: wajue ni mtaa gani, ukuta wa nani, mkono wa nani, mwaka gani. Majirani wanaoupita mchoro huo kila siku wakienda kisimani au kazini hawajagundua kitu, na wao ndio wa kwanza kuulizwa.

Kuta za leo mjini Malindi na Kilifi zinadai uangalifu huo huo, ingawa hazina uzee wa kuwapa watu staha. Kinyozi huwekewa vichwa ukutani, kila kimoja na mtindo wake, vikimtazama mteja kwa macho makubwa mazito. Duka la dawa huwa na msalaba wa kijani. Tuktuk hubeba mgongoni methali, dua au kijembe, maandishi yanayotembea na yasiyosomeka hadi ukwame nyuma yake. Halafu kuna yale yasiyokusudia uzuri wowote, kama onyo lililopakwa kwa rangi nyekundu kwamba shamba hili haliuzwi. Mgeni huliona kuwa kichekesho cha kupeleka nyumbani. Kwa mwenye shamba, katika pwani ambako migogoro ya ardhi ina historia ndefu na watu wengi huishi bila hati, ni kilio na ni hati ya pekee aliyo nayo mkononi. Kuyapiga picha maneno yale bila kujua hayo ni kuchukua rangi na kuiacha maana.

Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ni pana katika jambo hili: kazi ya sanaa iliyoko mahali inapoweza kuonwa na umma inaweza kunakiliwa na kuingizwa katika filamu bila idhini ya aliyeifanya. Ni msimamo wenye hekima kwa upande mmoja, maana bila huo mji wenyewe usingepigika picha. Lakini ruhusa ya sheria ni sakafu, haiwezi kuwa dari. Kwingineko mahakama zimeona kwamba kilichopakwa ukutani hakiwi cha bure kwa kuwa wazi. Mwezi wa Novemba 2013, huko New York, mwenye jengo la 5Pointz alizipaka rangi nyeupe usiku kuta zilizojaa michoro. Mwaka 2018 jaji aliamuru wachoraji 21 walipwe jumla ya dola milioni 6.75. Ukuta wao ulikuwa umekwisha kufutwa. Picha ndizo zilizobaki za kuonyesha kilichokuwapo.

Mtihani mzito zaidi uko upande wa bara, kwa Wagiriama. Kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa na kupakwa rangi, husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa chama cha Gohu. Aliyefariki huaminika kuwapo hapo. Kigango hakihamishwi hata familia ikihama. Kimesimama nje, hakina ua wala kufuli, na ulinzi wake wote ni adabu ya wapitao. Kwa macho ya mpenda sanaa kutoka mbali ni kitu kizuri kilichosahaulika porini. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viling'olewa, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikaishia majumbani na kwenye makumbusho ya Marekani. Picha zilikuwa na sehemu yake katika hili, kwa kuwa kitu kikishachapishwa bila jina la mwenyewe, na kuitwa sanaa tu, njia ya kukiuza huwa imefunguliwa.

Lakini picha moja iliyobeba jina ilifanya kinyume. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru, eneo la Kaloleni, akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia nduguze. Muda mfupi baadaye vyote viwili viliibwa. Udvardy aliitunza ile picha pamoja na habari zake: mzee nani, mahali gani, vigango vya nani. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi wa Afrika huko Marekani, alikiona kimoja kwenye slaidi ya mtafiti mwenzake, Linda Giles. Kilikuwa katika mkusanyo wa makumbusho jimboni Illinois. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Hakuna hoja ya kifalsafa iliyowashinda waliovishika. Kilichoamua ni alama, kama ilivyo kwa mwenye mfuko uliookotwa: mchongo huu, ufa huu, na mzee huyu aliyesimama kando yake. Illinois walikirudisha chao mwaka 2006, Hampton mwaka 2007, na familia ikavipokea vyote viwili. Mzee Kalume alikuwa amefariki tangu 1987.