Bei Rahisi na Haki ya Jirani

Rahisi huvunja upishi, walisema wahenga. Methali hii ina ukweli wake, lakini yafaa kuangaliwa ni nani aitajaye zaidi. Mara nyingi hutajwa na mwenye bidhaa ghali anapomwonya mnunuzi, wala si aghalabu kusikiwa katika kinywa cha mtu mwenye mfuko mtupu. Kwa mtu huyo bei rahisi si uharibifu wa upishi, bali ndiyo njia ya pekee ya kuonja chakula. Basi swali la kale lingali hai: je, mtu auzaye kwa bei ya chini kuliko majirani wake huwatendea watu wema, au huwadhulumu?

Swali hili lilizuka upya katika Ayalandi mwezi Julai mwaka 2014. Kampuni ya Kiingereza ya J D Wetherspoon, ambayo Tim Martin aliianzisha mjini London mwaka 1979, ilifungua baa yake ya kwanza katika Jamhuri ile. Baa hiyo iliitwa The Three Tun Tavern, nayo ilikuwa Blackrock, kitongoji cha pwani kusini ya Dublin. Desturi za kampuni hii zajulikana: hutafuta majengo makubwa yaliyoachwa na kazi zake za zamani, hupika chakula tangu asubuhi, katika baa zake nyingi muziki haupigwi, na bilauri ya bia huuzwa kwa bei iliyo chini sana ya bei ya mtaa. Wateja wa kwanza wa Blackrock walikosa Guinness, bia nyeusi ambayo kiwanda chake kilianzishwa Dublin mwaka 1759, kwa sababu wapishi wake na kampuni hawakupatana bei. Kabla mwaka haujaisha ukatokea ugomvi mwingine na Heineken. Biashara haigombi, lakini wafanya biashara hugombana. Baa ya Blackrock iliuzwa baadaye, ila kampuni haikuondoka nchini. Mwaka 2021 ilifungua baa nyingine yenye hoteli katika Camden Street, Dublin, katika majengo yaliyokuwa zamani makao ya watawa.

Ugeni huu ulikuwa na maana zaidi katika Ayalandi kwa sababu ya sheria ya leseni. Tangu mwaka 1902 leseni mpya ya baa kwa kawaida haipatikani huko ila leseni ya zamani izimwe kwanza. Na sheria ya mwaka 2000 iliruhusu leseni iliyozimwa mahali pamoja kuhuishwa mahali pengine popote nchini. Hivyo taa ikiwaka katika mtaa wa mji, yamkini imezimika nyingine katika kijiji cha mbali. Baa mpya huzaliwa juu ya kaburi la baa ya kale, na hapana ajabu watu wakiuliza nani aliyelia mazishini.

Mnunuzi asikizwe kwanza. Mzee aishiye peke yake kwa pesheni ndogo haendi baa kwa ajili ya kiu tu, maana kiu huzimwa na maji. Huenda kukaa panapo moto na sauti za watu, kusoma gazeti, na kuulizwa hali yake. Kwake bei ya bilauri ni kodi ya kiti. Kodi hiyo ikipanda, kinachopungua si bia, ni watu wa kusema nao. Amwuziaye mzee huyu kwa nusu ya bei ya jirani humpa siku mbili za ujirani badala ya moja, na fadhila hiyo haibatiliki kwa kuwa ina faida ndani yake.

Mwenye baa ya jirani naye ana hoja. Bei yake si tamaa tupu. Ndani yake mna ushuru, na kodi ya thamani ya asilimia 23, na bima, na mishahara ya watumishi, na ujira wa mpiga fidla wa Jumamosi. Mna pia mambo yasiyoandikwa katika hesabu: chumba kitolewacho bure kwa mkutano wa klabu ya mpira, deni linalosamehewa mfiwa, jicho linalomwangalia mlevi mpaka afike kwake. Walakini hapana mtu aliye na haki ya kumiliki mteja. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kuwa kuuza kitu kwa zaidi ya thamani yake ni dhuluma. Ni vigumu kutoa katika fundisho hilo hatia ya kuuza kwa pungufu. Anunuaye mapipa mengi hupunguziwa, na akimpa mnywaji sehemu ya punguzo hilo hakuiba kitu cha mtu. Dhuluma huanza pale bei inapokuwa mtego: mtu auze kwa hasara leo ili jirani afunge mlango, kisha kesho apandishe bei palipobaki mlango mmoja. Kwa hiyo muuzaji wa rahisi hahukumiwi siku ya kufungua duka. Huhukumiwa siku atakapobaki peke yake.

Hoja ya tatu ni nzito kuliko hizo mbili. Mkate ukiwa rahisi, watoto hushiba. Bia ikiwa rahisi, watoto wa mlevi hulala na njaa. Ayalandi yajua jambo hili. Mwaka 1838 Padri Theobald Mathew alianza kuwaapisha watu mjini Cork waache kileo, wakamfuata maelfu kwa maelfu. Yeye alitaka kubadili moyo wa mnywaji. Sheria za siku hizi zinabadili bei. Mwaka 2003 ilikatazwa baa kupunguza bei kwa saa chache za siku. Tarehe 4 Januari, 2022, ikawekwa bei ya chini kabisa: senti 10 za yuro kwa kila gramu ya alkoholi. Bilauri ya kawaida ya bia ya asilimia 4.5 ina gramu kama 20, basi haiwezi kuuzwa chini ya yuro 2 hivi. Bei za baa zilikuwa zimekwisha kupita kiasi hicho, kwa hiyo pigo liliangukia mikebe na chupa za maduka makubwa. Vyama vya wenye baa viliunga mkono sheria hiyo, nayo afya ya watu na faida ya baa zikasafiri katika chombo kimoja. Tena bei hiyo si ushuru: ziada yake haiendi hospitali, hubaki kwa muuzaji.

John Stuart Mill alionya mwaka 1859 kuwa kughalisha kileo makusudi ni kukikataza kwa yule asiye na fedha. Neno lake ni la haki, maana mlevi tajiri hazuiliwi na senti 10. Lakini halitimizi haki yote, kwa kuwa bei ya ulevi hailipwi na mlevi peke yake. Mke, mtoto na mwuguzi hulipa sehemu ambayo hawakuinywa. Wala mahali pa kunywa si jambo dogo. Katika baa mna macho, na mtumishi aweza kusema basi, imetosha. Chupa ya nyumbani haijui kukataza. Bilauri rahisi mbele ya watu yaweza kudhuru kidogo kuliko chupa rahisi gizani.

Kwa hiyo urahisi peke yake si dhambi, wala ughali si wema. Penye bei yoyote yafaa kuulizwa: kilichopunguzwa hapa kinalipwa na nani? Kikilipwa na ustadi wa muuzaji, bei ni halali. Kikilipwa na mtumishi aliyepunjwa, au jirani aliyetegwa, au mtoto asiye na chakula, bei hiyo ni ghali hata ikiwa senti moja.

Mnunuzi hasalimiki na swali hili. Wako watu wanaosikitika baa ya kale ilipofungwa, wakasifu moto wake na fidla yake, hali kwa muda mrefu miguu yao ilikuwa ikipita mlango wake kwenda penye bei nafuu. Haki yao ya kwenda huko haina shaka. Lakini baa ile haikufungwa na mgeni peke yake.