Upepo wa Septemba

Ngitili ni akiba. Mvua zinapoanza, Msukuma hutenga eneo lake la nyasi na kuzuia mifugo isiingie, ili Agosti na Septemba, malisho ya wazi yanapogeuka vumbi, ng'ombe wawe na pa kukimbilia. Shinyanga ilikaribia kuupoteza utaratibu huu. Miti ilifyekwa sana enzi za ukoloni kufukuza mbung'o, na operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na maeneo waliyoyatunza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizosalia zilikadiriwa kuwa kama hekta 600. Miaka ya 2000 ilipoingia, zilishapita hekta 300,000. Ni kazi ya kujivunia. Tunachosahau kuambizana ni kwamba nyasi zilizotunzwa vizuri, zikafika kiunoni na kukauka karibu na nyumba, ndizo moto unazozitafuta.

Alikuwapo mzee mmoja huko Kishapu, mkulima wa pamba, mwenye ngitili iliyopakana na shamba lake. Kwa mkulima wa pamba kanda ya ziwa, tarehe 15 Septemba haisahauliki: ikifika, masalia yote yawe yameng'olewa na kuchomwa, ili funza wanaojificha humo wasivuke kuingia msimu mpya. Amri hiyo ni nzuri na ina maana. Ila inaangukia kwenye kiangazi kikali kuliko vyote, na anayengoja siku ya mwisho huchoma wakati mbaya.

Mzee alingoja. Vijana wake wawili walikuwa Nyarugusu, Geita, wakichimba dhahabu, na nguvu za kung'oa zilikuwa zake na za mkewe tu. Walipomaliza, marundo yalikuwa yamepangwa kando ya shamba, upande wa ngitili, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa karibu kuyaburuta.

"Baba, jua limeshapanda," mkewe alimwambia. "Tungoje jioni upepo utulie, niwaite na majirani."

"Jioni bwana shamba atakuwa ameshapita, mama. Unataka tupigwe faini?"

Akawasha saa sita mchana.

Aliyewahi kuchoma masalia ya pamba anajua yanavyowaka. Shina hulia, kisha vitumba ambavyo havikuchumwa hupasuka, na pamba iliyobaki ndani yake hushika moto, ikanyanyuka na kuelea hewani ikiwaka. Mzee alikuwa na tawi bichi mkononi na ndoo moja ya maji. Kikapita kisulisuli, hivi tunavyoviona kila siku kiangazi, kikachota pamba inayowaka kutoka kwenye rundo na kuimwaga ndani ya ngitili.

Mwano, yowe la hatari, ukapigwa. Watu walikuja na matawi, na mchanga kwenye masufuria, lakini waliokuja walikuwa wazee, akina mama na watoto wa shule. Wenye mbio na mabega walikuwa machimboni. Moto ulimaliza ngitili ya mzee, ukavuka kwa jirani, ukashika zizi la miiba mikavu, na kutoka zizini ukarukia paa la nyasi la mama mmoja mjane. Mama alitoka na wajukuu wake salama. Mahindi ya mwaka mzima yaliteketea ndani.

Moto haukuzimwa na watu. Ulifika kwenye njia ya ng'ombe wanaoshuka lamboni, ardhi tupu iliyokanyagwa miaka na miaka, ukakosa cha kula ukafa hapohapo. Nyumba za ng'ambo ya njia zilipona zote. Jambo hilo ningependa kila mwenye ngitili alitafakari kuliko hasara yenyewe: ukanda wa udongo mtupu ulifanya kazi ambayo kijiji kizima kilishindwa.

Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ilikaa. Hakuna aliyesema mzee alikusudia, na hakuna aliyemwachilia kwa sababu hiyo. Alitozwa ng'ombe, mahindi ya mjane yakalipwa, na vijana wakaitwa kutoka Nyarugusu waje kumjengea nyumba. Walikuja na fedha za bati, wakalalamika kwamba duara lao, shimo la kuchimbia, lilikuwa limeanza kutoa dhahabu. Bado walikaa mpaka nyumba ikaezekwa.

Kisha wazee wakaamua mambo ya mwaka unaofuata. Masalia yang'olewe kuanzia Agosti, yarundikwe katikati ya shamba na si pembeni, yachomwe jioni, na anayechoma awajulishe majirani tangu asubuhi. Na Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi, kila ngitili ilimiwe njia ya moto kuizunguka, yenye upana wa njia ile ya ng'ombe. Mzee alipangiwa upande unaoelekea kwa mjane, na Juni ilipofika alianza kulima kabla hajaitwa.